Jeni 20,000 kwenye jedwali moja: uanzie wapi?

Umepakua data yako ya kwanza ya jeni. Unafungua jedwali: mistari zaidi ya 20,000, mmoja kwa kila jeni, na safu moja kwa kila sampuli. Namba tupu! Wengi hapo hukimbilia kuuliza: jeni ipi imepanda, ipi imeshuka? Subiri kidogo.

Namba hizi ni za nini?

Karibu kila seli ya mwili wako ina DNA ileile, lakini seli ya ini haifanani na ya ubongo. Tofauti ni jeni zipi zinatumika, na kwa kiasi gani. Jeni ikitumika, seli hutengeneza nakala zake za RNA. Mashine husoma vipande vya nakala hizo, kisha programu huhesabu: jeni hii vipande 12, ile 4,300. Basi, ndizo namba zako.

Mtego wa kwanza: wingi

Tuseme unalinganisha wagonjwa na wazima, na kwa kila jeni unakubali uwezekano wa kukosea wa asilimia 5, kama tunavyofundishwa darasani. Kwa jeni moja, sawa. Kwa jeni 20,000, hata kama hakuna inayotofautiana kweli, utapata kama 1,000 "zenye tofauti" kwa bahati tu! Ndiyo maana tunatumia mbinu ya Benjamini na Hochberg ya mwaka 1995, ambayo inadhibiti sehemu ya majibu ya uongo ndani ya orodha yako. Programu za DESeq2 na edgeR zinakupa thamani iliyorekebishwa. Soma hiyo, achana na ile ghafi.

Mtego wa pili: tarehe

Huu ni mbaya zaidi, maana programu haiwezi kukuokoa. Mwaka 2007, watafiti nchini Marekani waliripoti kwamba zaidi ya jeni 1,000, kati ya takribani 4,200 walizochunguza, zilitumika kwa viwango tofauti kati ya watu wenye asili ya Ulaya na wale wa Asia. Habari nzito hiyo. Mwaka huohuo Joshua Akey na wenzake wakaichambua upya data ileile, wakatazama tarehe. Sampuli nyingi za wenye asili ya Ulaya zilipimwa 2003 na 2004. Za Waasia, 2005 na 2006.

Sasa niambie: wanaotofautiana ni watu, au ni kemikali na mashine za miaka tofauti? Huwezi kujua. Asili na mwaka vimefungwa kamba moja.

Kosa hili halichagui nchi. Ukipima damu ya wagonjwa wote mwezi Machi na ya wazima wote mwezi Agosti, umeshajifunga. Unaweza kutumia miezi kadhaa ukifuatilia jeni "ya ugonjwa" ambayo kumbe ni jeni ya Agosti. Dawa yake iko kabla ya maabara: changanya wagonjwa na wazima katika kila kundi linalopimwa.

Anza hivi

Huhitaji maabara ili ujifunze. Hifadhi ya GEO, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2000, ina data za maelfu ya tafiti, bure. Lugha ya R na vifurushi vya Bioconductor navyo ni bure.

Chagua utafiti mmoja mdogo. Kabla ya kugusa hesabu, soma maelezo ya sampuli: nani, lini, wapi, kundi gani. Kisha chora PCA, mchoro ambao kila sampuli ni nukta moja, na zinazofanana hukaa karibu. Zipake nukta rangi kwa hali ya ugonjwa, halafu uzipake upya kwa tarehe ya kupimwa.

Zikijikusanya kwa tarehe, simama hapo kwanza. Na kama maelezo ya tarehe hayapo kabisa? Tafuta data nyingine ya kujifunzia.