Je, Wajua? Kupika na Kulea Huhesabiwa Kwenye Mgawo wa Mali

Nchini Tanzania, mke aliyepika, akafua na kulea watoto miaka yote ya ndoa anaweza, ndoa inapovunjwa, kudai sehemu ya nyumba hata kama hati ina jina la mume peke yake. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani ni mchango chini ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Inauma kwamba Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu: ilionekana fedha alizopewa na mumewe hakuziingiza kwenye miradi ya familia. Wala mgawo si lazima uwe nusu kwa nusu. Hivyo, Mama, tunza risiti za saruji na mabati kuonyesha mchango wako. Matunzo nayo yaombe chini ya kifungu cha 115 cha sheria hiyo hiyo.