Uvira: picha isiyoonekana kutoka Bujumbura

Kila jioni, kwenye fukwe za Bujumbura, watu hupiga picha ya jua likizama nyuma ya milima ya Kongo. Chini ya milima hiyo kuna Uvira, lakini katika picha hizo mji huo ni kivuli tu.

Anayepigia picha Uvira kwenyewe hupata alfajiri. Jua hutoka ng'ambo, Burundi, wakati mitumbwi ya ndagala inarudi na taa zake. Mwanga huohuo huangukia nyumba za kando ya ziwa, zilizoingiliwa na maji Tanganyika ilipopanda mwaka 2024.

Akigeuka, anaikuta ile milima mizuri. Huko ndiko mto Mulongwe ulikoshukia usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, ukabeba nyumba na watu.