Presha na Vilima vya Nyeri

Sisi watu wa pwani tuendapo Nyeri hutushangaza mambo mawili: baridi na vilima. Mji ule umeinuka takriban mita 1,800 juu ya bahari, na njia zake ni kupanda na kushuka. Zamani wenyeji wake, kama wenzao wa Karatina na Othaya, walikwenda sokoni na shambani kwa miguu. Leo bodaboda husubiri mlangoni.

Katika ziara yetu ya karibuni, mama aliyetukaribisha alitwambia kuwa ana presha, na daktari amemwamuru atembee kila siku. "Lakini sheikh," akasema, "mtu mzima kama mimi, na buibui langu, nende mbio njiani, watu watasemaje?"

Tukamkumbusha kuwa Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bi Aisha (R.A.). Stara haikatazi mwendo.

Moyo, enyi wasomaji wetu, ni msuli. Mtu atembeapo kwa haraka hata pumzi ikazidi, ilhali bado aweza kuzungumza, moyo hujizoeza kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Mishipa nayo hulainika na kutanuka, damu ikapita bila kuzisukuma mno kuta zake. Kwa mwenye presha, mazoezi haya yakidumishwa kwa majuma kadhaa huweza kuteremsha kile kipimo cha juu kwa alama 5 hadi 8.

Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walitangaza uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya London. Madereva, waliokaa kutwa, walipatwa na maradhi ya moyo zaidi kuliko makondakta, waliopanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa. Hawa walipata mazoezi yao kazini.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Anayeanza na aanze na dakika kumi, katika njia tambarare, kisha apande kilima. Asiache dawa zake kwa kuwa ameanza kutembea. Na mwenye maumivu ya kifua au kizunguzungu amwone daktari kwanza.

Mama yule tulimuusia afuatane na binti yake kila siku baada ya Alasiri, kabla baridi haijashuka. Mwili ni amana, na mwenye amana huitunza.