Kwa Nini Jibu la Mgonjwa Kuhusu Dawa Lina Uzito

Mgonjwa anapofika kliniki, maswali kuhusu dawa hayakosi. Umemeza vidonge vyote? Unatumia pombe, bangi, muguka au heroini? Mara ngapi kwa wiki? Majibu huandikwa kwenye faili. Mgonjwa akiwa ameshirikishwa katika utafiti, majibu hayo huingizwa kwenye hojaji na kujumlishwa na ya mamia ya watu wengine. Hesabu hizo ndizo baadaye husaidia kuamua ni dawa gani inunuliwe na ni huduma gani ianzishwe.

Je, majibu hayo yanaweza kutegemewa?

Funzo kutoka Bondo

Utafiti uliofahamika kama FEM-PrEP ulitoa jibu ambalo wataalamu hawajalisahau. Ulifanyika Bondo katika Kaunti ya Siaya, Arusha nchini Tanzania, na katika miji ya Bloemfontein na Pretoria nchini Afrika Kusini. Wanawake 2,120 waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa kidonge cha kila siku cha kuzuia virusi vya ukimwi, na la pili kidonge kinachofanana nacho lakini kisicho na dawa.

Mwaka wa 2011 utafiti ulisimamishwa. Wanawake 33 walikuwa wameambukizwa katika kundi lililopewa dawa, na 35 katika kundi lingine. Ilionekana kana kwamba dawa haifanyi kazi. Walipoulizwa, karibu asilimia 95 ya majibu yalisema kwamba vidonge humezwa kila mara au mara nyingi. Hata vidonge vilivyorudishwa vilipohesabiwa, hesabu ilielekea kukubaliana na majibu hayo.

Damu ilisema jambo tofauti. Miongoni mwa waliopimwa na ambao hawakuwa na virusi, chini ya asilimia 40 ndio waliokuwa na dalili za kumeza kidonge siku za karibuni. Miongoni mwa walioambukizwa, idadi ilikuwa ndogo zaidi. Kumbe vidonge vingi havikumezwa. Katika mahojiano ya baadaye, baadhi ya wanawake walieleza kuwa walihofia kuondolewa kwenye utafiti iwapo wangesema ukweli.

Kama damu isingepimwa, dawa nzuri ingeweza kutupwa. Utafiti mwingine uliofanyika Kenya na Uganda miongoni mwa wachumba na wanandoa, ambao wengi wao walimeza vidonge walivyoandikiwa, ulionyesha kuwa kidonge hicho hicho kilipunguza maambukizi kwa asilimia 75. Kenya ilianza kukitoa kwa umma mwaka wa 2017.

Kwa nini ukweli hufichwa

Si kila jibu lisilo sahihi ni uongo. Wengine husahau, hasa wakiulizwa kuhusu mwezi mzima uliopita. Wengine hawajui jina la walichotumia. Wapo wanaotaka kumfurahisha muuguzi. Kwa upande wa dawa za kulevya, hofu ya polisi, aibu mbele ya jamaa na woga wa kufukuzwa kazi huongezeka. Mtu akiulizwa huku foleni nzima ikisikiliza, hawezi kutarajiwa kujieleza kwa uwazi.

Vipimo navyo vina mipaka. Dalili za heroini kwa kawaida huonekana kwenye mkojo kwa siku mbili au tatu tu, ilhali za bangi zinaweza kukaa wiki kadhaa kwa mtu anayeivuta kila siku. Dawa ya kikohozi yenye codeine inaweza kuonekana kama aina ya dawa za kulevya. Tena kipimo cha mkojo hakisemi mtu alianza lini, anatumia kiasi gani wala kwa nini. Hayo mgonjwa mwenyewe ndiye anayeyajua. Ndiyo maana watafiti makini huuliza na kupima pia, kisha hulinganisha majibu yote mawili.

Gharama kwa mgonjwa mwenyewe

Jibu lisilo sahihi haliharibu takwimu pekee. Rifampicin, mojawapo ya dawa kuu za kifua kikuu, hufanya mwili uiondoe methadone haraka. Mtu anayetumia methadone ili kuacha heroini, akianza matibabu ya TB bila kumweleza daktari, anaweza kupatwa na maumivu makali ya arosto na kurudia heroini. Daktari akijua, hurekebisha kipimo.

Haki za mshiriki

Mkazi anayeombwa kushiriki utafiti ana haki ya kuelezwa lengo lake kwa lugha anayoielewa, kukataa, au kujiondoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu. Anaweza kuomba kuona idhini ya kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019, taarifa za afya ni data nyeti. Mshiriki anaweza kuuliza ni nani atakayeziona na kama nambari itatumika badala ya jina lake.

Wakazi wanahimizwa kuomba kuzungumza faraghani kabla ya kujibu. Swali likiwa gumu, ni afadhali kusema "sitajibu hilo" kuliko kutoa jibu la kubuni. Anayehitaji msaada kuhusu pombe au dawa za kulevya anaweza kupiga simu bila malipo kwa NACADA kupitia nambari 1192.