Ng'ombe Mmoja, SMS Mbili: Kwa Nini Ujumbe Wako Unagoma Kwenda

Kaka yangu yuko kijijini na anatumia kiswaswadu, kwa hiyo mambo ya WhatsApp kwake hayapo. Mwaka jana, Jumatano jioni, nilimwandikia hivi: "Kaka shikamoo. Usimpeleke yule ng’ombe mnadani Alhamisi. Hela ya ada ya dogo imepatikana, nitailipa mwenyewe kesho asubuhi." Nikabonyeza kutuma, simu mfukoni, nikarudi maabara. Alhamisi ng'ombe akauzwa. Nilipofungua simu ili nimlaumu, nikakuta alama nyekundu chini ya ujumbe wangu. Haukwenda.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba sikuona sababu. Mtandao ulikuwa umejaa, intaneti inakimbia, na kifurushi changu kilikuwa kimebakiza SMS moja. Moja si inatosha?

Haikutosha, na aliyeniponza ni huyohuyo ng'ombe. SMS moja inabeba baiti 140 tu, yaani biti 1,120. Waliobuni mfumo huu miaka ya 1980 waliipa kila herufi biti 7, na ukigawanya 1,120 kwa 7 unapata 160. Ndiyo ile idadi ya herufi 160 tunayoijua wote. Lakini biti 7 zinatosha kwa orodha fupi sana ya herufi na alama. Ritifaa iliyonyooka (') imo kwenye orodha hiyo. Ile iliyopinda (’) haimo, na simu yangu ina tabia ya kuipindisha yenyewe kila ninapoandika. Ikikutana na alama hata moja isiyo kwenye orodha, simu inaandika upya ujumbe WOTE kwa biti 16 kila herufi. Hapo nafasi inashuka kutoka 160 hadi 70. Ukizidisha, ujumbe unakatwa vipande vya herufi 67, maana sehemu ya nafasi inatumika kuonyesha kipande kipi kinatangulia.

Ujumbe wangu ulikuwa na herufi 123. Kwa ritifaa ya kawaida ungekuwa SMS moja. Kwa ile iliyopinda ukawa mbili, nami nilikuwa na moja. Emoji nayo inafanya hivyohivyo: kale kauso kamoja ka kucheka mwishoni kanaweza kukugharimu SMS nzima. Na kipande kimoja kikipita peke yake, simu nyingi za wapokeaji hukaa kimya zikisubiri chenzake.

Sasa tuseme wewe huna ng'ombe wala emoji, na bado ujumbe unagoma. Kwanza fahamu unapopita. Kutoka kwenye simu yako unakwenda mnarani, kisha kwenye kituo cha ujumbe cha mtandao wako, na kituo ndicho kinachomtafuta unayemwandikia. Alama nyekundu maana yake kwa kawaida ni kwamba ujumbe haukupokelewa na kituo, kwa hiyo anza kutafuta tatizo upande wako. "Imetumwa" nayo isikudanganye: kituo kimeupokea, basi. Kama simu ya mwenzako imezimwa, kituo kinautunza na kujaribu tena kwa muda, kisha kinautupa. Kwa ujumbe wenye uzito, washa ripoti ya kufika kwenye mipangilio ya programu ya ujumbe. Ningekuwa nimeiwasha, ningeshtuka usiku uleule.

Fanya jaribio hili dogo. Andika neno "sawa" umtumie mtu mwingine. Likienda, simu na laini yako ni nzima, kagua ujumbe wenyewe au namba. Namba zilizohifadhiwa kama +2550 halafu tarakimu nyingine ni nyingi kuliko unavyodhani. Ukishaweka +255, ile sifuri inatoka.

Lisipoenda, angalia salio la SMS, si la MB. Ni mifuko miwili tofauti. Wenye laini mbili, hakikisheni ujumbe unatokea laini gani, maana simu inaweza kuchagua ile isiyo na kitu. Halafu washa na kuzima hali ya ndegeni, ili simu ijisajili upya mnarani. Usiku wa sikukuu subiri tu dakika kadhaa, foleni ni ya nchi nzima.

Bado? Huenda namba ya kituo cha ujumbe imefutika au imekosewa. Kwenye iPhone unaiona kwa kupiga *#5005*7672#, na kwenye Android nyingi inapatikana ukibonyeza *#*#4636#*#* na kufungua taarifa za simu. Linganisha na namba utakayopewa na huduma kwa wateja ya mtandao wako. Usiweke namba uliyotumiwa na mtu usiyemjua, hata kama anaongea kama fundi.

Kuhusu ritifaa, baadhi ya programu za ujumbe za Android zina mpangilio wa kutumia herufi rahisi, uwashe. Kwenye iPhone, ingia mipangilio ya kibodi uzime alama za uandishi zinazojibadilisha zenyewe. Mimi nimezima. Kaka naye siku hizi nikimwandikia jambo la mnadani hanijibu, ananibipu mara moja nijue imefika.