Roboti Ipi Ilileta Alama?

Wakazi wa Bonde la Ufa hawahitaji kufundishwa hesabu ya timu. Kuanzia 1986 hadi 2003 wanaume wa Kenya walitwaa ubingwa wa timu wa mbio za nyika duniani mara 18 mfululizo, na wengi wao walikuzwa kwenye miinuko yetu hii. Nafasi za wakimbiaji wanaohesabiwa hujumlishwa, na jumla ndogo ndiyo hushinda. Aliyefika wa tatu anajulikana, na aliyefika wa arobaini anajulikana vilevile.

Roboti za wanafunzi ni kinyume chake. FIRST Global, mashindano aliyoyaanzisha Dean Kamen, yalifanyika kwa mara ya kwanza Washington mwaka 2017, na Kenya ilikuwamo. Roboti zilitenganisha mipira ya buluu, iliyowakilisha maji safi, na ya rangi ya chungwa, iliyowakilisha uchafu. Lakini hakuna iliyocheza peke yake: timu tatu ziliungana dhidi ya timu tatu, na ubao ulionyesha jumla ya muungano. Katika mchezo wa namna hiyo, roboti iliyokwama pembeni dakika nzima huondoka na alama zilezile za mwenzake aliyetoka jasho. Utajuaje nani alifanya kazi?

Nitumie mfano wa kubuni, timu nne zikicheza mbili kwa mbili, nami nizipe majina ya miji yetu. Mechi ya kwanza, Njoro na Molo zinapata 50, Gilgil na Naivasha 40. Ya pili, Njoro na Gilgil 60, Molo na Naivasha 30. Ya tatu, Njoro na Naivasha 45, Molo na Gilgil 45.

Ukitazama ushindi peke yake, Molo na Gilgil ziko sawa kabisa: kila moja imeshinda mara moja, imefungwa mara moja, imetoka sare mara moja. Sasa hebu zihoji hizo jumla. Miungano ya Njoro imekusanya 50, 60 na 45, yaani 155. Ndani ya 155 hizo Njoro imo mara tatu, na kila moja ya zile nyingine imo mara moja. Tunajua pia kwamba timu zote nne pamoja hutoa 90 kwa mechi. Toa 90 katika 155. Zinazobaki, 65, ni Njoro mara mbili. Basi mchango wa Njoro ni 32.5 kwa mechi. Fanya hivyo kwa wengine: Gilgil 27.5, Molo 17.5, Naivasha 12.5. Timu mbili zilizoonekana pacha zimeachana kwa alama 10.

Mwalimu mwenye haraka angechukua wastani wa miungano: Njoro 51.7, Naivasha 38.3. Zinaonekana kukaribiana, ilhali Njoro inachangia zaidi ya mara mbili ya Naivasha. Wastani huo umempa kila mmoja sehemu ya jasho la mwenzake.

Mfano huu nimeupanga ili ukubali sawasawa. Uwanjani betri hulegea, gurudumu huchomoka, na milinganyo ya jumla hizo hugombana. Hapo tunamwendea mwanahisabati Mfaransa Legendre, ambaye mwaka 1805, akitafuta njia za nyotamkia angani, alichapisha njia ya miraba midogo kabisa: chagua makadirio ambayo makosa yake, kila moja likizidishwa kwa lenyewe kisha yote yakajumlishwa, yanatoa jumla ndogo kuliko makadirio mengine yoyote. Programu ya Excel hufanya kazi hiyo kwa sekunde.

Lakini tusiiabudu namba hiyo. Inadhani kwamba michango hujumlishwa tu, na roboti mbili zinazogombea mpira mmoja huzuiana. Haimwoni anayelinda, kwa sababu kazi yake ni kupunguza alama za upande wa pili. Tena mechi ni chache. Ili kupunguza kosa la makadirio kwa nusu, unahitaji mechi mara nne: kama ulicheza 5, cheza 20. Kwa hiyo tofauti ya alama mbili au tatu baada ya mechi tano haimpi mtu ruhusa ya kumwita mtoto wa mwenzake dhaifu.

Mashindano mengine ya roboti za wanafunzi, FIRST LEGO League, yana tatizo jingine. Huko timu hucheza peke yake kwa dakika mbili na nusu, mara tatu, na alama bora ndiyo huhesabiwa. Timu ikipata 180, 175 na 185, na nyingine 60, 240 na 90, ya pili ndiyo inayopanda juu, ingawa wastani wake ni 130 dhidi ya 180. Mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika, ni 5 kwa timu ya kwanza na takriban 96 kwa ya pili. Kanuni ni kanuni, na 240 ilipatikana kwa haki. Ila ningekuwa mwalimu wa timu hiyo, usiku ningewaza ile 60. Je, jua la saa saba lilipenya dirishani likachanganya kihisi cha rangi? Je, betri ilikuwa imeshuka? Bila kuandika saa na hali ya betri, swali hilo halina jibu.

Kwenye maonyesho ya sayansi na uhandisi ya shule, ambako roboti hupimwa na jopo la waamuzi, jopo moja huweza kuwa kali kuliko jingine. Kabla ya kulinganisha, toa wastani wa jopo katika alama ya kila timu.

Marekani, timu kubwa huweka wanafunzi jukwaani waandike anachofanya kila roboti katika kila mechi. Jambo hilo linahitaji daftari na kalamu, si pesa. Walimu wa Nakuru, Njoro na Gilgil, nawaomba: katika kila timu yupo mwanafunzi anayekaa benchi kwa sababu roboti ni moja na mikono ni mingi. Mpeni daftari. Aandike namba ya mechi, mshirika, alama za kila upande, saa na hali ya betri, kisha mbadilishane madaftari hayo shule kwa shule kabla ya raundi inayofuata.