Maua ya tarumbeta: mti na gugu wenye sumu moja

Msomaji, huenda kwenye uzio wa mtaa wako pana mti mfupi wenye maua makubwa mfano wa tarumbeta, meupe au ya manjano, yanayonukia sana jua likishatua. Wataalamu huuita Brugmansia. Asili yake ni Amerika Kusini, nasi tuliupanda kwa urembo. Nyuma ya uzio huohuo, kwenye jaa au ploti isiyojengwa, huenda pameota mnanaha, gugu lisilopandwa na mtu. (Usilichanganye jina hilo na mnanaa, ule wa kutia kwenye chai.)

Mwaka 1753 Linnaeus, bingwa wa kuainisha mimea, aliiweka yote miwili katika jenasi moja, Datura. Ni mwaka 1805 ndipo mti ulipotengwa. Kuitofautisha si kazi: ua la mti huning'inia likitazama chini, la mnanaha husimama. Tunda la mti halina miiba. La mnanaha lina miiba pande zote, nalo likikauka hupasuka na kumwaga mbegu nyeusi.

Lakini kwa mtoto aliyetia kitu kinywani, tofauti hizo si kitu. Mimea yote miwili ina atropini na skopolamini, tangu jani hadi mbegu. Aliyeila hukauka kinywa, mboni za macho hupanuka, ngozi huwa nyekundu na ya moto, moyo hupiga mbio, mkojo hukwama, kisha hupayapaya na kuona visivyokuwapo. Hapo wapo watakaosema ni pepo, na saa zinapotea bure. Hata mkata uzio akijifikicha jicho kwa mkono wenye utomvu, mboni yaweza kupanuka asione vizuri.

Mimi nauogopa mnanaha zaidi, kwani huingia jikoni kimyakimya. Majani yake machanga yaweza kuchumwa pamoja na mnavu, na mbegu zake kuvunwa pamoja na nafaka. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, chakula cha msaada kilichoingiwa na sumu hizo kiliwadhuru watu karibu 300, na 5 wakafa. Kwa hiyo chambua mboga jani kwa jani, hasa ulizochumiwa na mtu usiyemjua.

Ukishuku sumu, usimlazimishe mgonjwa kutapika, wala usipoteze wakati kwa kumnywesha maziwa. Mkimbize hospitali, ukichukua na kipande cha mmea wenyewe ili daktari auone.